Kuku, Mkwe na Kabangali

Huku Mengo, Kampala, mtu akikuuliza gari lako linabeba kiasi gani, usimhesabie viti. Viti havimhusu. Anataka kujua kama mkungu wa matoke utasimama au utalala, kama mbuzi ataingia na pembe zake, na kama mlango wa nyuma ukigoma kufunga utakubali kamba. Ukimwambia gari lako ni dogo, la kubana matumizi, la kwendea kazini na kurudi, atakutazama kwa upole, kisha atauliza swali lile lile kwa maneno mengine. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeoa Buganda. Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaoshuka kutoka Mengo kwenda Kisenyi, na siku hizi sijibu. Nafungua buti, wajionee.

Nilichokuwa nakitaka mwanzoni ni kabangali, ndivyo pikapu inavyoitwa hapa Kampala. Lakini si kabangali hizi za polisi na za wakandarasi, ndefu, zenye pua iliyoinuka hadi kifua cha mtu mzima. Nilitaka ndogo, tena ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazopokezana kazi. Januari 2022 ndiyo iliyonitia wazimu huo. Madereva wa malori waligomea vipimo vya lazima vya korona mpakani, matangi ya mafuta yakapanga foleni Malaba na Busia, na Kampala bei ya petroli ikapanda hivi kwamba mtu wa pampu akikutajia alitazama pembeni. Siku hizo hizo shemeji yangu mmoja aliyeko Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi sana, akanitumia picha ya gari la jirani yake. Ford Maverick.

Gari hilo lilitoka 2021. Milango minne, sehemu ya mzigo nyuma, na haibridi ndiyo iliyokuwa ya kawaida, siyo ya kuongezea pesa. Bei ya kuanzia ilikuwa chini kidogo ya dola 20,000. Wamarekani waliliagiza kwa fujo hadi Januari hiyo hiyo kampuni ikaacha kupokea oda za mwaka huo. Nililisoma usiku na mchana, mama watoto akaanza kuniuliza huyo Maverick ni nani. Kisha nikaitazama ile picha vizuri. Usukani kushoto. Nikatafuta toleo la usukani wa kulia, ambalo ndilo la barabara zetu, nikakuta halikuundwa kabisa.

Nikajifariji kwa kupima urefu. Wamarekani wanaliita gari dogo. Lina mita 5 na sentimita 7. Hilux ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani 1968, ilikuwa na mita 4.3, na hakuna aliyeilalamikia kwamba ni fupi. Hilux ya leo imefika mita 5.3. Mita nzima imeongezwa, na ukichukua ile ya milango minne utaona ilikokwenda: kwenye viti, kwenye pua, kwenye skrini pana ya kugusa ambayo lazima uitazame ili kupunguza baridi, huku bodaboda wakikupita kulia na kushoto. Mzigo umebakishiwa kama mita moja na nusu. Maverick imeubakishia 1.37. Kitanda cha kawaida cha Mengo hakilali humo. Kitalazimika kuchungulia nje, na kitambaa chekundu kifungwe mguuni.

Aliyeiua kabangali ndogo ni kuku. Hapa sisemi kwa mafumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyama ya kuku wa Marekani, wa bei rahisi, ilifurika Ulaya. Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikaitoza ushuru mzito ili kulinda wafugaji wao. Rais Lyndon Johnson akalipiza. Kuanzia 1964 Marekani ikatoza ushuru wa asilimia 25 kwa brandi, wanga wa viazi, dekstrini na malori mepesi yatokayo nje. Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani, na hizo bidhaa nyingine zikasamehewa. Pikapu haikusamehewa hadi leo.

Wajapani, waliokuwa mabingwa wa pikapu ndogo, wakahangaika. Kwa muda waliingiza magari yasiyo na sehemu ya mzigo, kichwa na fremu tupu, kwa ushuru mdogo, wakayafungia sehemu hiyo baada ya kuvuka forodha. Mlango huo ulikuja kuzibwa. Kampuni ya Subaru nayo ilikuwa na ujanja wake: pikapu iitwayo BRAT yenye viti viwili vya plastiki kule nyuma kwenye mzigo, vikitazama ulikotoka, ili ihesabiwe kuwa gari la abiria. Ronald Reagan alikuwa nayo moja shambani kwake California. Baadaye zikaja kanuni za matumizi ya mafuta zinazolegezwa kadiri gari linavyokuwa pana na refu, na wabunifu wakaelewa somo. Soko kubwa kama la Marekani likikohoa, sisi huku Kampala tunauziwa dawa ya kifua.

Wazee wa Mengo wanakumbuka hali ilivyokuwa. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na pikapu ya Peugeot 404, chini chini, mgongo mrefu, na mimi nilipokuja kuposa nilipata alama zangu za kwanza kwa kumtajia Bert Shankland, mkazi wa Tanzania aliyeshinda mbio za Safari Rally mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Mzee alinyamaza, akaniangalia upya, akaagiza niongezwe mchuzi. Pikapu yake ilisomba kahawa, harusi na misiba ya ukoo mzima, na sina hakika kama ilikuwa na redio.

Basi nikanunua kilichokuwepo. Ni gari dogo la haibridi la mtumba kutoka Japani, lile la buti refu, lililopita Mombasa na kuvuka Malaba kama yanavyovuka mengi ya hapa. Tangu 2018 sheria ya Uganda haipokei gari lenye zaidi ya miaka 15, hivyo langu lilifika likiwa na ujana wa kutosha na adabu za kwao. Kila nikiliwasha, mwanamke wa Kijapani ananiambia jambo kwa sauti ya upole mno. Mwanangu mdogo alikuwa anamwitikia. Tulikuja kuambiwa na mtu aliyewahi kusoma kule kwamba ananikumbusha nimesahau kuingiza kadi ya kulipia barabara. Barabara ya kulipia tunayo, ya kwenda Entebbe, inalipiwa tangu Januari 2022, ila si kwa kadi yake. Yeye hajakata tamaa. Ramani ya kwenye skrini nayo inasisitiza kwamba tuko karibu na Nagoya, na kwamba kilima cha Namirembe ni sehemu ya bahari.

Redio ndiyo iliyoniletea heshima nisiyoitafuta. Redio za magari ya Japani hushika masafa ya FM kuanzia 76 na kukomea karibu na 90. Stesheni nyingi za Kampala ziko juu ya hapo, haziingii. CBS, redio ya Buganda yenye makao pale Bulange, iko 88.8 na 89.2. Inaingia bila mkwaruzo. Ukoo wa mke wangu ulipogundua kuwa gari la Muko, yaani mimi mkwe wao, linashika redio ya Kabaka, mfalme wao, na kuzikataa nyingi za wengine, ulichukulia kwamba nililichagua kwa sababu hiyo. Sikuona haja ya kuleta elimu ya masafa kwenye jambo lililokuwa linakwenda vizuri.

Uhaibridi wenyewe, kwa Mengo, ni ugeni usio na sababu, maana si jambo jipya. Mwaka 1900, wakati Apolo Kaggwa na wenzake walipotia saini mkataba wa Buganda na Harry Johnston hapa hapa Mengo, kijana Ferdinand Porsche alikuwa Vienna akiunganisha injini ya petroli na mota za umeme kwenye gari moja. Prius ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1997. Lakini jirani yangu wa ukuta mmoja alisikia neno umeme tu. Siku ya kwanza giza lilipoingia mtaani, yeye alikuwa getini na waya wa ekstensheni. Nyuma yake mwenye saluni na drai yake ya nywele. Niliwaeleza kwamba umeme huo gari linajitengenezea lenyewe, hauchomekwi ukutani wala hautolewi kwa ajili ya friji. Wakaniona mchoyo. Mwenye saluni hadi leo akiomba lifti hachangii mafuta, kwa hoja kwamba gari halinywi.

Na kweli kwenye foleni linakunywa kidogo. Hapo ndipo linapostahili pongezi, maana Kampala imejengwa kana kwamba imeagizwa mahsusi kwa ajili yake. Kwenye jamu injini inazimika, mota inasogeza gari hatua kwa hatua. Ukishuka kilima, kasi ya magurudumu inageuzwa umeme na kurudishwa kwenye betri. Nashuka kutoka Namirembe hadi Kisenyi bila kugusa petroli, nikifika chini nina akiba kubwa kuliko nilipoanza. Taabu ni ukimya. Kisenyi ina mashine za kusaga, mikokoteni, malori ya nafaka yakirudi nyuma kwa miluzi, na wapagazi wenye magunia begani wanaoongozwa na masikio, kwa sababu macho yamefunikwa na gunia. Gari lisilonguruma kwao halipo. Ulaya tangu Julai 2019 aina mpya za magari haya zinalazimishwa na sheria kutoa sauti zikienda polepole. Langu ni la kabla ya busara hiyo. Nimejifunza kuendesha nikiwa nimeshusha kioo, nikisema "njia, njia" kwa mdomo wangu, kama wapagazi wenyewe wanavyofanya. Wananipisha kwa heshima, wakidhani nimebeba kitu kizito.

Nililipeleka kwa fundi mmoja upande wa Katwe, kwa kubadilisha oili tu. Akafungua boneti. Akainama. Akazunguka upande wa pili, akainama tena. Kisha akaifunga taratibu na kunishika bega.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili alichokileta kutoka Nairobi, "pole sana. Wamekuibia."

"Nani?"

"Sijui. Lakini alternata hakuna. Stata hakuna. Hata mkanda wa feni wamechukua."

Wakakusanyika mafundi wengine. Sehemu hii ya mji inajua habari za vioo vya pembeni vinavyoondoka gari likiwa kwenye foleni, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba wizi umefika ndani ya injini. Kilichowashangaza ni kwamba gari lilifika hapo likitembea. Nikawaambia gari hili liliundwa hivyo. Mota zake ndizo zinazowasha injini na ndizo zinazotengeneza umeme, na pampu ya maji nayo ni ya umeme, basi mkanda ungezungusha nini? Mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamwambia mwenzake kwa Kiganda kwamba ndivyo walivyonieleza walioniuzia. Fundi akanipa bei nzuri ya alternata.

Lakini gari lilikuja kupimwa sawasawa siku mama mkwe alipotaka kurudi Butambala.

Alikuwa amekuja kupimwa macho, akafikia kwa ssenga, shangazi wa mke wangu, Lungujja. Nyumbani kwangu hawezi kulala. Kwetu Tanga mama mkwe hupewa kiti cha mbele na kuchagua redio. Buganda mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawakaribiani, wala hawakai chumba kimoja kama kuna pengine pa kukaa. Anayevunja mwiko, inasemwa, hupatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka mwili. Mimi na mama mkwe sote ni Waislamu, na dini yetu haijaleta neno hapo. Ssenga anasema hilo ni kweli, ila desturi ndiyo iliyoipokea dini mlangoni.

Ssenga akalikagua gari. Akapima kwa macho kutoka kiti cha dereva hadi kiti cha nyuma, akaingiza mkono katikati, akautoa. Magari madogo yanasifiwa kwenye matangazo kwa namna wabunifu walivyobana nafasi pasipo abiria kuhisi. Ssenga alihisi.

"Muko, tunakushukuru kwa gari lako," akasema. "Wewe utapanda taksi."

Ikawa hivyo. Usukani ukapewa shemeji, mdogo wa mke wangu, dereva mzuri wa magari yanayopiga kelele. Akaketi, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa zikawaka, mwanamke wa Kijapani akasema yake, kukawa kimya. Gari lilikuwa tayari kuondoka. Shemeji, asiposikia injini, akabonyeza tena, nalo likazima kama lilivyoagizwa. Akabonyeza. Likawaka kimya. Akabonyeza. Nilikuwa nimesimama mbali, ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya obuko, nikimpungia mikono asiguse kitu. Mama mkwe, aliyekwisha kukaa nyuma na vazi lake la gomesi limepangwa vizuri, akanipungia pia, akidhani naaga.

Waliondoka hatimaye, wakaamua kupita Mengo kuchukua mizigo, na kwenye mzunguko wa Nnantawetwa, katika barabara ya Kabaka Anjagala, injini ikanyamaza yenyewe kama kawaida yake gari likisimama. Mzunguko huo una njia iliyonyooka katikati, yenye lango linalofunguliwa kwa Kabaka peke yake. Sisi wengine tunazunguka. Shemeji akaona gari limemzimikia mbele ya lango la mfalme. Akabonyeza kitufe. Safari hii likazima kwelikweli. Vijana wa boda boda wakaja kusukuma, na gari la haibridi lina tabia ya kutowaka kwa kusukumwa. Walilizungusha Nnantawetwa nusu duara kwa miguu, CBS ikiwa imenyamaza, hadi mmoja alipomwambia shemeji akanyage breki kwanza.

Mizigo yenyewe ilikuwa godoro, sufuria mbili za shughuli, mfuko wa saruji, na gunia la dagaa kutoka soko la Owino. Hapa huitwa mukene, na wale wadogo waliovunjikavunjika hununuliwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Mama mkwe anafuga kuku. Kwa kuwa buti lilikwisha kujaa, dagaa wakawekwa kwenye kiti cha nyuma, pembeni yake, wameegemezwa ubavuni pa kiti.

Pale ubavuni pa kiti pana tundu dogo lenye kiwavu cha plastiki. Wengi hudhani ni spika. Betri kubwa iko chini ya kiti hicho, na betri ikifanya kazi hupata joto, basi feni ndogo huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu hilo, huipitisha kwenye betri na kuirudisha ndani. Mbunifu aliyeliweka hapo alijua kwamba kiti cha nyuma hukaliwa na mtu, na mtu, hata awe na shughuli nyingi kiasi gani, hadondoshi vichwa vya samaki. Hesabu zake zote ni sahihi kwa nchi ambayo kila mzigo una gari lake.

Mimi nilikuwa ndani ya taksi ya Masaka, nimebanwa kati ya mwanafunzi na mtungi wa gesi. Tulipokaribia Mpigi nikaliona gari langu pembeni mwa barabara, madirisha yote yameshushwa. "Maaso awo!" nikamwambia kondakta, yaani hapo mbele, wakanishusha.

Harufu ilinipokea kabla ya shemeji. Feni ilikuwa imevuta unga wa dagaa tangu Busega, imeukaanga kwa joto la betri, na kuurudisha kwa abiria. Kwenye dashibodi pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, na maandishi ya Kijapani marefu kuliko kawaida. Shemeji alisema gari lilikuwa likipungua nguvu kwenye vilima, na yule mwanamke wa Kijapani hakusema lolote la maana. Ssenga alikuwa amesimama nje na mwavuli. Mama mkwe hakutoka. Mtu wa heshima zake hashushwi kandokando ya barabara ya Masaka, alisema, na tundu lililoziba lilikuwa kiunoni pake.

Ssenga akafikiri, akatoa shuka kwenye mizigo, akalitundika kati ya siti kwa kulibana kwenye milango. Upande mmoja mama mkwe, upande wa pili mimi, nimeinama, na katikati gunia limeondolewa na kupandishwa juu ya boneti. Tulizungumza kupitia ssenga, ingawa kati ya masikio yangu na ya mama mkwe hakukuwa na zaidi ya mkono mmoja.

"Mwambie mama aniwie radhi, napuliza vumbi."

"Muko anasema umwie radhi, anapuliza vumbi."

"Mwambie apulize."

"Mama anasema upulize."

Cha kupulizia nilikuwa nacho. Magari ya siku hizi mengi yameondolewa tairi la akiba ili kupunguza uzito, na mahali pake wamekupa chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Nimekisema sana kipampu hicho, maana gundi haizibi misumari ya Kampala. Siku hiyo kilifanya kazi. Nikakichomeka pale pa kuwashia sigara, nikaelekeza mpira kwenye tundu, na dagaa wakaanza kutoka, vichwa, mikia na unga. Shuka likajaa upepo. Upande wa pili ikasikika chafya.

"Mama amepiga chafya," ssenga akaniarifu.

Tulingoja betri ipoe. Katika ukimya ule mama mkwe akauliza, kupitia njia zilizowekwa, kwa nini mimi, mtu mwenye kazi, sikununua kabangali kama ya marehemu mumewe. Swali zuri, na nilikuwa na jibu refu. Nikaeleza Ulaya, nyama ya bei rahisi, Johnson, asilimia 25. Ssenga akasikiliza yote, akageukia shuka.

"Anasema kuku walikataza."

Kimya.

"Kuku wangu?" mama mkwe akauliza.

Sikupata nafasi ya kusahihisha, kwa sababu hapo hapo alitoa hukumu ambayo sijaisikia kwa mhandisi yeyote. Kabangali, alisema, ingetupeleka sote kwa gari moja. Yeye na ssenga ndani, dagaa nyuma, na Muko nyuma na dagaa. Wakati wa mumewe wakwe walisafiri hivyo, kwa hewa safi na heshima kamili. Haya magari mapya yenye paa hadi mwisho yamejengwa na watu wasio na wakwe.

Nikawakumbuka Subaru na viti vyao viwili vya plastiki. Walivifunga pale kwa ajili ya kuidanganya forodha ya Marekani, bila kujua kwamba walikuwa wamemaliza tatizo la Buganda.

Pembetatu ikazimika. Shemeji akabonyeza kitufe mara moja tu, akasubiri, gari likaondoka kimyakimya na dagaa juu ya paa, chini ya kamba. Mimi nikabaki nikingojea taksi nyingine, ambazo zote zilikuwa zimejaa, nikaingia Mpigi kwa boda boda.

Sasa nina ombi, nalo nalielekeza Jinja, kwa Kiira Motors. Ninyi mlianza pale Makerere na gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011. Mwaka 2014 mkaleta Kiira EV Smack, gari la haibridi la viti vitano, wakati wengi wetu tulikuwa hatujalisikia neno hilo. Mwaka 2016 mkatoa basi la Kayoola linalosaidiwa na jua. Mabasi ni mazuri, endeleeni. Lakini tupeni na kabangali ndogo ya haibridi, usukani kulia, isiyozidi mita nne na nusu. Mzigo upewe mita mbili kamili ili kitanda kilale. Tundu la hewa ya betri liwekwe juu, mbali na chakula cha kuku. Iongee Kiganda na Kiswahili, na ikiwa tayari kuondoka itoe sauti yoyote, hata ya kukohoa, shemeji aisikie. Na kule nyuma kwenye mzigo fungeni kiti kimoja kinachotazama ulikotoka, chenye mkanda na kivuli. Oda ya kwanza ni yangu. Mama mkwe amesema atachangia kuku kumi.